Jeneza la Mvule

6 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Sisi huku hatujambo, ila magoti yangu hunikumbusha umri kila nikiinuka. Tangu urudi kazini baada ya mazishi, nyumba imekuwa kubwa mno. Bado nalala upande wangu wa kitanda, kana kwamba baba yako atageuka.

Watu wanalisifu jeneza mpaka leo. "Mvule mtupu!" wanasema. Baba yako mdogo ndiye anayeongoza. Hata siku ile akilibeba alikuwa akiligonga kwa vidole kama anayechagua tikiti maji. Mpe bosi wako shukrani kwa kutupunguzia bei. Mimi nimefarijika kwa jambo moja: mchwa hawatamgusa. Si ulinieleza mwenyewe kwamba mchwa huukwepa mvule, ndiyo maana watu wanauchongea milango, mashua na vitanda vya kurithisha?

Lile vumbi la mvule bado linakuwasha huko karakana? Jifunge kitambaa puani, usijifanye jasiri.

Ni mimi mama yako

2 Mei

Shikamoo mama,

Natumaini magoti yamepoa. Mimi mwili mzima, moyo ndio umechafuka. Barua hii usiisome mbele ya wageni.

Juzi fundi mkubwa aliumwa, bosi akaniita karakana ya nyuma, kule kwenye mabati ambako sikuwahi kuruhusiwa. Wanaume wawili walikuwa wakishusha majeneza yaliyofunikwa turubai. Nikadhani ni kazi iliyorudishwa. Mama, yalikuwa na udongo. Kitambaa cha ndani kimegandana na ubao, kimeloa rangi ya chai, na juu yake nywele za mtu, bado zimesukwa. Harufu ile iliniingia hadi kwenye meno. Nilitapikia viatu vyangu.

Bosi akacheka. "Utazoea. Msonobari ukitoka ardhini ni uji. Mvule unatoka kama bibi harusi! Piga randa, pitisha msasa, paka vanishi, weka kitambaa kipya."

"Na wenyewe?"

"Mteja gani alishawahi kurudi kulalamika?"

Nikamwuliza la baba lilitoka wapi. Akatazama pembeni. "Si nilikupunguzia?"

Mama, sijui nikwambie nini zaidi.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Mimi mzima, ila usingizi umenihama. Wewe sikulaumu, aliyetumwa na sahani hajui kilichopikwa.

Tulimtoa baba yako kaburini. Wazee walikataa, wakasema maiti haamshwi. Nikawauliza, "Nani kati yenu angelala kwenye shuka la mgonjwa asiyemjua?" Wakaleta majembe. Nilichokiona sitakueleza. Mwili ule niliishi nao, ni haki yangu kuusitiri. Tulimfunga shuka jipya, tukamrudisha kwenye udongo mtupu. Sasa amelala pake.

Jeneza lenyewe lilitoka zima, halina hata ufa. Wachimbaji wakalipapasa. Mmoja akasema, "Mbao kama hii kuichoma ni dhambi." Nikatema mate chini. Baba yako mdogo akaniambia nisijisumbue, atalishusha bondeni alichome mwenyewe. Nikamshukuru.

Na wewe, bado uko hapo?

Mama yako

3 Juni

Shikamoo mama,

Sipo tena. Mjane mmoja aliingia duka la mbele na binti yake. Bosi akawa anambembeleza, mkono juu ya kifuniko: "Mvule huu mama, utadumu kuliko sisi sote."

Nikasema, "Umeshadumu. Humu alishalala mtu." Nikang'oa kitambaa, nikawaonyesha doa ambalo randa haikulifikia.

Mjane hakupiga kelele. Aliinama, akanusa, akaufuta mkono wake kwenye gauni, akaufuta tena na tena. Kisha akamwuliza bosi, "Wewe kwako unalalia nini?"

Tulikwenda naye polisi. Walipofika, karakana ya nyuma ilikuwa imefagiwa, inanukia dawa ya choo. Nasikia duka limeshafunguliwa tena, kibao kimebadilishwa jina.

Nimepata kazi kwa fundi wa madirisha. Naoga asubuhi na jioni, lakini naona kama siachi kunuka.

Mwanao

28 Juni

Mwanangu,

Umefanya vyema kuondoka, na yule mama umemwokoa. Kula, usijikondeshe kwa uchafu wa wengine.

Jana nilikwenda kumjulia hali baba yako mdogo. Sebuleni nikakuta benchi jipya, rangi ya asali iliyokolea, linang'aa kama kioo. Wajukuu wake walikuwa juu yake wanakula. Mkewe akajisifu: "Mwenzangu kalitengeneza kwa mikono yake!" Nikatazama ubavuni. Matundu ya vishikio yamezibwa kwa nta.

"Karibu uketi, shemeji," akasema, akalipangusa kwa mkono uleule uliomshika kaka yake miguu siku tulipomtoa.

Nikamwuliza kama moto ulishika kule bondeni.

Akainamisha macho. "Mbao haina kosa, shemeji."

Sikuketi. Nilisimama katikati ya sebule na kikombe chao mkononi mpaka chai ikapoa, nikakiweka sakafuni, nikatoka.

Ukija, pita njia ya nyuma. Asikuite ndani.

Mama yako