Mfungo wa Mwinjilisti Zabroni

Yuster, uko wapi?

Yule Mwinjilisti Zabroni, mgeni wetu wa kutoka Moshi ninayemtafsiria Kisukuma huku Nyamigogo! Leo katikati ya mahubiri kanishika bega. "Huyu binti mnayemwona, mchumba wake kamwacha kwa sababu ya kiburi."

Yuster, nilimwambia juzi kwenye maombi, tukiwa wawili tu! Na hicho kiburi kaongeza yeye.

Halafu akanigeukia: "Tafsiri, binti." Tafsiri!

Watu wote wananisubiri. Nikasema kwa Kisukuma, "Mtumishi anasema anafunga siku tatu kuanzia leo kwa ajili yenu. Asipewe hata uji."

Kanisa zima, "Amina!" Naye akainua mikono, "Amina!"

Mimi, Yuster. Mimi ninayeogopa hata kusoma matangazo!

Sasa hivi Mama Mhoja, aliyepangiwa kumpikia, kapita mbele yake na sufuria ya kuku, kaipeleka kwa majirani. Mtumishi kaniita pembeni: "Binti, mbona hawaniletei chakula?"

"Mahubiri yamewagusa sana, baba."

Anaondoka Jumatano. Nitatubu Alhamisi.