Kumbe Mume Wangu Ana Kiti Chake Kule Bandarini

Mpendwa mshauri, nakusalimu katika jina la Bwana, na nakuomba unijibu upesi kwa maana sanduku langu liko mlangoni na bado sijafunga zipu.

Mimi ni mama wa makamo, fundi cherehani, shule niliishia madarasa ya chini hivyo nivumilie. Mume wangu alikuwa fundi mitambo kwenye meli za mizigo mpaka alipostaafu, ni mtu mwema, halewi, hanipigi, ila haongei. Ukimuuliza mboga imekolea chumvi, "mmh", ukimwambia paa linavuja, "mmh", mpaka watoto walipokuwa wadogo wakawa wanamwita Baba Mmh, na mimi nilishazoea, nikasema Mungu kanipa ukuta, basi niuegemee.

Sasa binti yetu mkubwa, ambaye ni nesi, akatulipia safari ya meli ya matembezi, akaniambia, "Mama, miaka yote umemngoja baba nchi kavu, sasa panda na wewe." Nikafurahi mno, kwa sababu katika njia ile ilikuwemo bandari moja ambayo mume wangu aliwahi kunisimulia kwa maneno yake machache, kwamba ina kanisa dogo juu ya kilima, na akasema ipo siku atanipeleka. Nikashona gauni langu na shati lake kwa kitambaa kimoja, bluu yenye vimaua vyeupe, tuvae siku hiyo, tupande polepole, tusali, kisha tushuke tukae kivulini kama watu wasio na deni na dunia.

Asubuhi yenyewe tumeshavaa, tunakunywa chai, nahodha akatangaza kwamba upepo umechafuka, vile viboti vya kupeleka watu ufukweni haviwezi kushushwa, kwa hiyo bandari ile tunaipita na tutafunga gati katika bandari nyingine iliyo mbele. Mezani tulikaa na kinyozi mmoja mstaafu, mcheshi huyo, akaniona nimenuna akasema, "Shemeji, kilima hakihami. Huko tuendako angalau ni tambarare, tutatembea kama wenye mji." Nikacheka. Nikamgeukia mume wangu ili naye acheke, nikakuta kijiko chake kimesimama njiani, hakiendi mdomoni wala hakirudi kikombeni.

"Sisi tubaki melini," akasema.

Mshauri, hayo ni maneno matatu kwa mpigo, nikashtuka.

"Tubaki tufanye nini?"

"Pale hakuna kitu."

"Umejuaje hakuna kitu na hujawahi hata siku moja kunitajia kama ulifika?"

"Mmh."

Kinyozi akadakia, "Bwana mkubwa, gauni kama hilo halifungiwi chumbani!" Basi nikamshika mkono mume wangu nikamshusha, mimi mwenyewe kwa mkono wangu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa kweli palikuwa pazuri. Nyuma ya gati kuna mtaa mwembamba, duka la kamba na rangi za meli, fundi redio, nguo zimeanikwa kwenye vibaraza, na wenzetu wa melini wanazurura bila haraka na kofia zao, nikaanza hata kulisahau kanisa langu. Tukapita mbele ya mgahawa mdogo, na mwanamke mmoja mnene, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, akatoka mbio na aproni yake.

"Kasuku! Jamani njooni mwone, Kasuku kazeeka!"

Nikageuka nyuma nione anayeitwa. Hapakuwa na mtu. Kasuku ni mume wangu! Nikauliza kwa nini anaitwa hivyo, yule mama akacheka hadi akajishika kiuno, "Wewe unamuuliza nani, dada? Huyu akianza kusimulia hapa tulikuwa tunafunga na yeye ndani. Mume wangu alikuwa anamwambia, Kasuku, pumzika tukalale!" Na huyo mume wake yuko pembeni anamenya viazi, naye anacheka, anaitikia.

Akavuta kiti kilicho karibu na jiko, hakuuliza, akakipangusa, mume wangu akakikalia kama mtu aliyekiacha jana. Akaletewa kahawa imefunikwa kisahani juu, vilevile anavyoipenda, na mimi nilidhani duniani ni mimi peke yangu ninayejua jambo hilo. Kisha akanigeukia, "Na wewe ndiye mama wa cherehani! Goti lilipona? Binti alifaulu unesi?" Kila kitu anakijua. Mimi jina lake sikuwahi kulisikia, na yeye analijua goti langu!

Nilivumilia, nikatabasamu tabasamu la kanisani. Lakini akaniwekea mkono begani, akashusha sauti, akasema, "Dada, na yule mdogo aliyetangulia, Mungu amlaze. Kwenye kiti hicho hicho huyu alilia kutwa, mpaka wenzake wakaja kumbeba, meli ilikuwa inamwacha."

Mshauri, sisi tulizaa mtoto mwingine baada ya binti na kaka yake, akaishi siku chache akafa, baba yake akiwa safarini. Aliporudi tulikuwa tumeshazika. Hakulia. Aliweka begi chini akaenda kutengeneza bomba. Mimi mwenyewe nilishasema mtoto yule asitajwe tena ndani ya nyumba yangu, kwa sababu nikimsikia mikono hufa ganzi nashindwa kushika sindano, na watoto lazima wale. Basi miaka yote hii nimekuwa nikijua kwamba nililia peke yangu. Kumbe machozi yalikuwepo, ila alimpelekea mwanamke mwingine.

Nikainuka. Nikarudi melini peke yangu kwenye jua na gauni langu la maua, naye nyuma yangu amebeba pochi yangu. Safari iliyobaki nililala nimegeukia ukuta. Tulipofika nyumbani nikaikuta namba ya yule mama kwenye simu yake, nikamwambia, "Chagua. Futa namba ya mwanamke yule, au nahamia kwa binti yangu."

Akasema, "Nitafuta." Na tangu hapo hata ile "mmh" sijaisikia tena. Anakaa uani na lile shati, halivui mpaka niombe nilifue.

Nimesali sana, ila nikipiga magoti nauona mkono wa yule mama unapangusa kile kiti, nasahau nilikuwa namwambia nini Mungu. Binti yangu anakuja Jumamosi kunichukua. Niambie, mshauri, niende au nikae? Na je, kumpa mwanamke mwingine machozi nako si uzinzi?

Ni mimi, mama wa cherehani

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa cherehani, kaa kitako, na mguu uondoe kwenye kanyagio.

Pole. Naanza na pole kwa sababu unaistahili. Kumzika mtoto mume akiwa baharini, kisha ukarudi kwenye sindano maana wengine lazima wale, hilo si jambo dogo, na ningekuwa karibu ningekuja nikae nawe. Wivu wako pia nauelewa. Mtu akijulishwa mumewe na mgeni, tena mbele ya sufuria la viazi, lazima moyo uwake.

Sasa nikugombeze. Swali lako la uzinzi nalijibu mara moja: hapana, na unajua hapana, ndiyo maana ukanitajia mume wa yule mama akimenya viazi kisha ukampita haraka kama mtu anayempita mdai wake. Yule mama hukumwonea wivu kwa ajili ya mwili. Umekionea wivu kiti.

Soma tena barua yako, ile sehemu uliyoiandika kama jambo la kupita. Ulisema mtoto asitajwe. Mume wako alirudi akakuta kaburi na amri, akaitii amri. Unamlaumu kwa utiifu, mama! Sikulaumu kwa amri yenyewe, ulikuwa umejeruhiwa na ulikuwa na watoto wa kulisha. Ila ulisahau kuiondoa, na yeye si mtu wa kukukumbusha.

Naye ana kosa lake, sitalifunika. Kuficha marafiki miaka yote, na kutaka kukufungia melini ili usijue, hilo ni woga, na umwambie hivyo kwa mdomo wako. Lakini mwambie baadaye, si kwanza.

Toa nguo sandukuni leo hii. Mpigie binti yako aje Jumamosi kama mgeni, ale, arudi kazini. Ugomvi huu si wa kumgawia yeye. Namba ya yule mama irudi kwenye simu. Ukimfutia mume wako mahali pekee alipowahi kuwa Kasuku, utabaki na ukuta kweli, na safari hii utakuwa umeujenga mwenyewe.

Halafu usiende kumwigiza yule mama. Usivute kiti jikoni, usimwite Kasuku, atakimbia. Wewe vaa gauni lako la bluu, yeye shati tayari analo mwilini. Kanisa la kilimani limewapita, basi nendeni kaburini, ambako wewe ulikwenda bila yeye na sidhani kama mmewahi kusimama pale pamoja. Mkifika usimuulize kitu. Uliyekataza jina la mtoto ni wewe, kwa hiyo wa kwanza kulitaja awe wewe, kwa sauti, na yeye akusikie.

Mikono yako itakufa ganzi, najua. Mpe aishike. Ndiyo kazi aliyorudi kuifanya siku ile, akakuta hakuna nafasi, akaenda kutengeneza bomba.