Diski Niliyowapa Waombaji Kazi

Alhamisi, Iringa. Ukungu wa leo haukuondoka mpaka saa tano. Nimevaa sweta mbili.

Acha niandike tu. Nikikaa kimya nitapasuka.

Mimi ndiye mtu pekee wa kompyuta katika hospitali yetu ya misheni. Miaka sita. Printa ikikwama naitwa, mtandao wa maabara ukikatika naitwa, hata pasi ya Sista ilipogoma niliitwa. Nimelilia msaidizi mpaka Sista, msimamizi wetu, akakubali kwa sharti moja: apatikane anayejua kazi kweli. Msaidizi aliyepita tulimwajiri kwa vyeti na barua ya paroko, na wiki ya kwanza tu akafuta orodha yote ya dawa.

Nikatunga mtihani wa vitendo. Kila mwombaji nilimpa kompyuta tupu na diski yangu ya bakapu, ile ninayohifadhia nakala za kumbukumbu za wagonjwa kila Ijumaa. Kazi ilikuwa kuzirudisha mpaka majina ya wagonjwa yaonekane kwenye skrini.

Wamekuja saba, wote wameshindwa. Mmoja alisema kompyuta ina virusi. Mwingine alikuwa anaiuliza simu yake chini ya meza, akidhani simwoni. Wa nne, kijana wa suti, alinihubiria nusu saa juu ya akili mnemba bila kugusa kibodi. Nikajisemea, debe tupu haliachi kuvuma.

Wa mwisho alikuwa Milembe, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu. Alipanda basi Chimala alfajiri. Hana digrii. Ana cheti cha ufundi na miaka miwili ya kutengeneza kompyuta za watu pale stendi. Baada ya dakika ishirini akaniita.

“Kaka, hii bakapu haina kitu ndani. Kuna mtu alishawahi kuifungua?”

Nilimkata jicho. “Binti, hizo bakapu nazifanya mimi mwenyewe. Kama umeshindwa, sema umeshindwa.”

“Sawa kaka. Samahani.”

Akaacha mezani karatasi yake ya majibu, ameandika hayohayo, akaondoka. Nikamwandikia sifuri kama wenzake.

Sista alipopita nikamwambia vijana wa siku hizi ni vyeti tu. Akasikitika. Anataka matokeo mezani kwake kesho saa tatu, na asipopatikana mtu, nafasi inafungwa.

Nikabaki peke yangu. Nikasema ngoja niufanye mtihani huu mwenyewe, nipige picha, niibandike kwenye blogu hii tuwacheke wote pamoja. Ndiyo, hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu. Naiandika ili nione aibu vizuri.

Hakukuwa na kitu.

Nikajaribu nakala ya Ijumaa iliyotangulia, kisha ya mwezi uliopita. Tupu. Tangu tuhamie seva mpya, programu imekuwa ikinakili folda ya zamani isiyo na kitu, na kila Ijumaa inaniwekea tiki ya kijani, nami naenda zangu nyumbani nimeridhika. Miezi minane. Wajawazito, watoto wa kliniki, wagonjwa wa kisukari, habari zao zote zilikuwa kwenye mashine moja, na umeme wetu mnaujua.

Nimefunga mlango kwa ufunguo, Sista asije akaingia. Sioni haja ya kuficha.

Nimenakili upya, nimefungua, majina yapo. Kwa hiyo sasa hakuna anayejua ila mimi na Milembe, na karatasi yake ninayo mkononi. Nikiichana, nabaki fundi hodari aliyekosa msaidizi. Nikiipeleka, anapata kazi, na mimi nina watoto wawili shuleni na Sista asiyesamehe mara mbili.

Wale sita nao niliwapa mtihani usio na jibu. Lakini ni mmoja tu aliyethubutu kuniambia, na ndiye niliyemfokea.

Saa kumi na nusu nimempigia. Basi lao lilikuwa limesimama Nyololo, nasikia wauza mahindi wakigombania madirisha. Nikamwambia, ulikuwa sahihi.

“Pole kaka. Umeshachukua bakapu nyingine?”

“Nimechukua.”

“Na umeifungua?”

Hakuuliza habari ya kazi.

Nimeifuta ile sifuri kwenye fomu ya matokeo. Kwenye nafasi ya maelezo nimeandika yote, ile miezi minane na jina langu, na karatasi yake nimeibana juu. Saa tatu nitaipeleka kwa miguu yangu mwenyewe, kabla sijapata muda wa kufikiri zaidi. Naogopa sana. Inawezekana kesho Sista akampata mtu wa kompyuta, na hospitali ikabaki na mmoja vilevile.