Kalenda ya Msalani

Femke mwanangu,

Baba amesinzia kitini, usimwamshe. Supu ya njegere iko kwenye friji. Ufunguo wa baiskeli yake nimeuficha ndani ya kopo la kahawa. Akikuuliza, sema hujui. Atanuna, mwache anune.

~~Safari ya Zutphen siendi. Nimewaambia akina Hanneke waende wenyewe.~~

Naenda. Hanneke kanijia juu kwenye simu: "Miaka ishirini tunasafiri pamoja, leo ndiyo utubwage?" Lakini kuna jambo lazima ulijue.

Ni hivi. Asubuhi baba yako alikaa msalani muda mrefu, nikajua anasoma kalenda ya siku za kuzaliwa iliyotundikwa humo ukutani, kama kawaida yake. Akatoka akaniambia, "Jumapili ni siku ya Femke. Femke ndiye nani, yule jirani?" Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Baadaye kidogo akaniuliza kama nimekuagizia keki ya tufaha, maana binti yake haipendi ya krimu. Nikaingia jikoni nikampigia Hanneke kwamba siendi.

Keki ni ya tufaha. Asile vipande viwili, hata akijifanya mnyonge.

Jumapili akitoka msalani, usimkumbushe kitu. Akikupongeza, nipigie. Akikuuliza wewe ni nani, mwambie ni jirani, mkatie keki, kaa ule naye. Halafu nipigie. Nitapanda treni ya kwanza.

Mama