Kikao cha Kumwachisha Kaka Pombe

Jumapili mchana, mwezi wa sita. Baridi ya Songea leo haina adabu, upepo unashuka kutoka milima ya Matogoro tangu alfajiri. Nimevaa masweta mawili na bado natetemeka. Si baridi peke yake. Nina hasira mpaka nimeshindwa kwenda Misa.

Kaka yangu Gaudensi, fundi seremala, anakunywa. Sisemi kunywa kwa sikukuu. Tangu biashara iwe huria na viroba vijae kila kibanda, vile vipakiti vya pombe kali vinavyokaa mfukoni kama pipi, yeye anafungua siku kwa kiroba kabla ya chai. Mwezi uliopita daktari alimwambia wazi kwamba ini limeharibika, akiendelea atawaacha wanawe yatima.

Na sisi ndugu tumemficha miaka yote. Akishindwa kwenda kazini, tunasema ana malaria. Hakuna mtu Songea nzima aliyeugua malaria kama kaka yangu! Mimi mwalimu, ninayewafundisha watoto wa watu madhara ya ulevi, ndiye nimekuwa kinara wa uongo huo.

Basi mkewe, wifi Yustina, akaomba kikao cha ukoo. Baba Mkubwa akakubali, kikao Jumamosi. Sasa, kikao cha ukoo wetu hakianzi na makoo makavu. Wifi akapika komoni, pombe yetu ya mahindi na ulezi, humohumo ndani anamolala mgonjwa.

Jamani, mke anapika pombe ya kikao cha kumwachisha mumewe pombe!

Ningecheka, ila ulezi wa kuipikia nilichangia mimi. Niliupeleka mwenyewe, nikashukuriwa, nikajiona mtu wa maana.

Wiki nzima kaka hakuwa na raha. Mikono inatetemeka, jasho linamtoka kwenye baridi hii, anafokea hata mbao. Wifi akaninong'oneza, "Wifi, siku hizi anajificha kunywea karakanani." Nikaamini bila kuuliza. Nikasema huyu sasa amezidi.

Jana tukakaa. Wazee kwenye viti, sisi wanawake kwenye mkeka. Baba Mkubwa akamwaga komoni kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Halafu, kwa desturi yetu, kata ya kwanza, kile kibuyu cha kunywea, hupewa yule aliyeitiwa kikao, asijione ametengwa. Ikapelekwa kwa Gaudensi.

Hakuipokea haraka. "Baba Mkubwa, samahani, mimi..."

"Kunywa, mwanangu. Hii si kiroba. Hii ni ya wazee."

Kaka akanitazama. Mimi, dada yake wa tumbo moja. Nikainamia kikombe changu, maana mimi pia nilikuwa nasubiri kujaziwa.

Akanywa. Akashika kata kwa mikono miwili na hakuishusha mpaka ilipokwisha.

Kufika saa kumi alikuwa amelala chini pale uani, na kikao kikatoa uamuzi wake kwa sauti za kilevi: apunguze, na mke apunguze mdomo. Mke! Aliyeosha kata na vikombe vyao vyote hakuna aliyemwambia hata asante.

Leo asubuhi nilikwenda kwao nikiwa nimejiandaa kumfokea. Nikamkuta amekaa kizingitini, macho mekundu, kichwa chini. Kabla ya yote nikamuuliza alitaka kusema nini jana alipoanza kumwomba Baba Mkubwa samahani.

Akasema, "Nilitaka kumwambia sinywi. Jana ilikuwa siku ya tisa."

Siku ya tisa.

Hakumwambia mtu kwa sababu aliogopa kuaibika akishindwa. Kule kutetemeka, lile jasho, zile hasira, ulikuwa ni mwili unaodai pombe naye anaunyima. Alilala siku zote hizo na harufu ya komoni puani akashinda. Tuliomshinda ni sisi, ndugu zake, kwa heshima zote, kwa ulezi wangu.

Nimelia njia nzima kurudi nyumbani, na sioni haya kuandika.

Njiani nilipita kwa Baba Mkubwa. Nikampa shikamoo yake kwa magoti, halafu nikamwambia kwamba nyumbani kwa Gaudensi haitapikwa tena pombe ya kikao, wala msiba, wala kipaimara cha mtoto. Akaniambia nimesoma sana. Nikamjibu ndiyo, nimesoma, na bado sikujua kumtazama kaka yangu.

Kesho saa moja asubuhi nampitia twende hospitali wote wawili, na nitamweleza daktari yote, hata ile malaria ya uongo. Amekubali palepale kizingitini. Ameniuliza tu swali moja: je, anaanza tena kuhesabu siku kutoka moja, au anaruhusiwa kuendelea na kumi?