Mwanafunzi wangu wa kwanza kwenye simu

Yaya Odile mupenzi,

Jambo kwenu wote huko Sakania. Juzi nilitaka kuacha haya mafunzo ya kutunga masomo ya simu nirudi nyumbani. Somo langu la kwanza la mtandaoni, la hesabu ya nusu na robo, nilimuonyesha Mama Agnès anayetuuzishia bukari, ule ugali wetu, hapa kwenye mafunzo. Akanirudishia simu: «Mwalimu, unasema mingi, nimepotea.» Nilisikia haya sana. Nikalikata vipande vifupi, nikachora mikate iliyokatwa nusu na robo, nikaweka maulizo. Leo alikaa karibu na nyungu yake ya bukari, akajibu yote, akanikamata mukono: «Na somo la pili iko wapi?»

Nililia, yaya. Aksanti sana kwa kunichungia batoto wangu huko nyumbani. Bila weye singefika huku. Ubabusu wote. Mungu akuongezee nguvu.

Mudogo wako,
Béatrice