Binti wa Kichina Hajui Kuchuma Chai

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo msichana wangu Amondi amecheka! Kwa sauti! Tangu daktari aniambie nimrudishe nyumbani nimpe tu anachotaka, sijasikia hiyo sauti. Ni ule mchezo wa Wachina kwa TV, wenye wametiliwa sauti za Kiswahili. Binti wa tajiri ametumwa na babu yake shamba la chai — na glavu nyeupe! — anang'oa majani kwa ngumi, magumu na laini pamoja. Amondi akasema karani wetu wa kupima majani hapa angemwaga hicho kikapu chote. Kweli kabisa! Mimi nimechuma miaka kumi na tisa, majani mawili na chipukizi, hakuna wa kunifundisha. Na msichana wangu alipata B plus kidato cha nne. Kambi hii yote ya wachuma chai, nionyeshe mwingine.

Jumatano, 4 Juni

Sehemu ya kumi na nane. Ziko arobaini, moja kila siku.

Nyanya wa yule binti alikuwa mgonjwa wa kufa. Wakampa supu ya kuku — kesho yake anacheza densi! Nikachinja jogoo. Amondi amemeza vijiko viwili, vikarudi. Akaniuliza, Mama, hao Wachina wanaweka nini kwa supu? Tukacheka. Nikatoka nje kuosha sufuria. Nimeiosha sana.

Ijumaa, 6 Juni

Jirani yangu Bitutu ameleta uji wa wimbi. Yeye amemaliza mchezo wote kwa simu, mdomo unamwasha. Akaanza: yule binti na dereva wa trakta, mwishowe... Amondi akamkatiza. Anti, ukisema sikusalimii tena! Nitajionea mwenyewe. Bitutu akasema haya wakili, nimenyamaza. Huyo ndiye msichana wangu! Hata shuleni hakuwahi kuiba mtihani.

Halafu nikahesabu. Zimebaki sehemu ishirini. Macho yake ni manjano kabisa. Miguu yake imefura, hata viatu vyangu haviingii.

Jumapili, 8 Juni

Hajala tangu jana. Mchezo umeanza, yeye amefunga macho. Nikamwambia tazama, binti ameteleza kwa matope na glavu zake! Hakucheka.

Akasema pole pole, Mama, niitie Anti Bitutu.

Ya nini?

Aje aniambie mwisho.

Nimemwambia Bitutu hajarudi kutoka kanisani. Na ninamwona hapa dirishani nikiandika, anaanua nguo zake, moja moja.

Ameuliza tena — Mama, amefika?